Nyama ya Kusaga ya Baba Mdogo

Tulikuwa tunakaa Mlabani, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, na mimi bado mke mpya. Baba mdogo wa mume wangu alikuwa na bucha, na ndiye wa kwanza mtaani kwetu kununua mashine ya kusagia nyama, ile ya kuzungusha kwa mkono. Wifi yangu alipoolewa, baba mdogo alituletea karai la nyama ya kusaga tufanyie kababu za harusi.

Nilipolifunua, harufu ilinipiga puani, ya damu iliyolala. Juu nyama ilikuwa ya kijivu, na ilinata vidoleni kama makamasi. Nikasema haifai. Wakubwa wakanitazama: huyu aliyekuja juzi anakataa nyama ya wakwe zake? Basi nikafinyanga pamoja nao.

Wageni walikuwa wanangoja, kababu za mwisho zikaepuliwa haraka, ndani bado nyekundu. Mama mkwe alikula hizo. Siku ya pili akaanza kuhara damu. Tulimpeleka hospitali akiwa amelazwa juu ya kitanda cha kamba, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsafisha.

Daktari, Mzungu mmoja mzee, aliniuliza mgonjwa alikula nini. Nikamweleza.

"Nyama ya kipande ina uchafu wa machinjioni kwa nje, hata mavi, na moto unaufikia," alisema. "Ukiisaga, unauingiza mpaka katikati."

Akaniambia kwamba huko kwao wataalamu wanajaribu kuipitishia nyama miale, jamaa ya ile ya kupigia picha za mifupa, ili kuua vijidudu bila kuipika.

"Na uchafu wenyewe unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Hauendi popote. Vijidudu tu ndivyo vinavyokufa. Kwa hiyo bucha lazima iwe safi kwanza."

Nikawaza watu wakila mavi ya ng'ombe yaliyopigwa miale, wakilamba na vidole. Nilitoka nje nikatapika.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nikapitia buchani.

"Shikamoo, baba. Naomba unifungulie mashine niione ndani."

"Marahaba. Ina nini?" Aliifungua huku akicheka. Ndani mafuta ya zamani yalikuwa yameganda, ya kijani, na funza weupe wakijipindapinda kwenye meno ya chuma.

"Unaiosha lini?" nikauliza.

"Naipangusa kila jioni. Na moto unaua kila kitu, mwanangu."

Alifuta mikono kwenye aproni yake, akaendelea kumkatia mteja maini.

Mama mkwe aliporudi nyumbani na kupata nguvu za kuketi, baba mdogo alikuja kumpa pole. Alishika kifurushi cha majani ya mgomba kinachovuja maji mekundu.

"Nimekusagia laini, shemeji, usihangaike kutafuna."

Mama mkwe alikuwa mtu mpole, sikuwahi kumsikia akimjibu mtu vibaya. Siku hiyo aliziba pua kwa kanga.

"Kaile na mkeo, shemeji," akasema.

Baba mdogo hakukichukua kifurushi chake. Alikiacha mlangoni, na nzi wakakifunika hata kabla hajafika barabarani. Nilikibeba kwa jembe nikakifukia nyuma ya choo, nikanawa kwa sabuni na majivu, na bado usiku ule nilikula wali kwa kijiko.

Hakukanyaga kwetu mpaka wakati wa kuvuna mpunga. Alikuja ameshika kambale mzima, bado anafumbua mdomo akitafuta hewa. Huyo tulimla.