Kizingiti cha Nyumba ya Mwana

Nilizaliwa Korogwe, kwenye joto na mkonge, kwa hiyo jambo la kwanza lililonishangaza kule Nyamira lilikuwa pumzi yangu mwenyewe. Nilifungua mlango asubuhi nikaiona ikitoka mdomoni kama moshi. Watoto waliokuwa wakinichungulia kutoka kwenye migomba walicheka mpaka wakakaa chini.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya sitini. Kanisa la kwetu lilipeleka vijana kujitolea, na mimi, msichana, nikaangukia kilima kimoja upande wa Keroka, ambako wazazi walikuwa wamejijengea shule kwa mikono yao lakini hawakuwa na walimu wa kutosha. Kiswahili nilikuwa nacho kingi kuliko nilichohitaji. Pale kilikuwa lugha ya shuleni na sokoni. Nyumbani watu walisema Ekegusii. Nikimwaga sentensi yangu ndefu ya Tanga, mama mwenyeji wangu alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa, unataka maji ama unataka chumvi?"

Siku zangu zilifanana, nami nilizipenda hivyo. Alfajiri uji wa wimbi, kisha kuteremka kisimani na kupanda tena na mtungi, huku wasichana wadogo wakinipita mbio na mitungi yao bila kuishika. Mchana darasa. Jioni nilikaa jikoni kuchambua saga, mboga chungu ambayo mwanzoni niliimeza kama dawa na baadaye nikaota nikiila. Mashamba yalisimama karibu wima. Walinitania kwamba mtu wa pale akiteleza akilima kwake, anaokotwa kwa jirani. Sikuacha kuutazama ule ukijani, chai changa na migomba, kilima nyuma ya kilima.

Sasa ngoja nikueleze jambo moja polepole, maana bila hilo hutaelewa lililonipata.

Abagusii, wenyeji wa kule, wana kitu wanachokiita chinsoni. Ni heshima, na ni haya pia, kati ya wazazi na watoto wao waliokua. Baba na mwanawe hawataniani na hawaoneshani mambo ya faragha. Na zaidi ya yote, kijana akishaoa, baba yake haingii ndani ya nyumba yake. Si kwamba anaingia mara chache. Haingii kabisa. Kati ya bibi na wajukuu, kinyume chake, ukuta huo haupo. Hao hutaniana hadi mgeni anaona aibu kusikiliza.

Nyumba niliyopewa ilikuwa ya kijana mkubwa wa boma lile, aliyekuwa amekwenda na mkewe kufanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Baba yake ndiye mwenyeji wangu. Nilimwita tata, kama watoto wake walivyomwita baba yao. Kila asubuhi tata alisimama mbali na mlango wangu, amevaa koti zito la jeshi, akanisalimu, "Bwakire, mwalimu," huku akiutazama mgomba. Nilidhani ni mtu wa haya tu. Kumbe alikuwa analinda kitu.

Siku ninayoikumbuka, shule ilikuwa imefungwa na masika yameshika. Kulikuwa na mazishi ng'ambo ya mto, na kilima kizima kilikwenda, na watoto wakabebwa. Mimi nilibaki kwa sababu kichwa kiliniuma. Tata alibaki kwa sababu ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa. Chini kabisa ya mteremko alibaki mama yake mzazi, magokoro, yaani bibi, kikongwe ambaye miguu ilikuwa imeacha kumtii.

Mvua ikaanguka. Mto ukajaa, na watu wote wakawa upande wa pili.

Malaria ilinishika kama inavyowashika watu wa pwani wanaodhani wameshaizoea. Niliamka mchana natetemeka, midomo imekauka. Vidonge vya klorokwini vilikuwa mezani, hatua chache tu. Nikasimama, nikaanguka, na sikuweza kuinuka. Nadhani nilipiga kelele.

"Mwalimu!" sauti ya tata ilitoka nje. "Ni nini imeanguka?"

"Mimi, tata."

Mlango ukasukumwa polepole kwa ncha ya fimbo. Nikauona mgongo wake. Alisimama chini ya ukingo wa paa, amegeukia nje, maji yakimchuruzika kofiani.

"Uko na kitu umevaa?"

"Ndiyo. Ingia, tata, tafadhali. Siwezi kusimama."

"Mimi siwezi ingia. Hii ni nyumba ya kijana yangu."

"Hayupo! Yuko Kericho!"

"Hata kama iko Kericho, nyumba ni yake."

Nilimwona katili. Homa haina subira. Lakini tazama alichofanya. Alikwenda akang'oa mti mmoja mrefu wenye panda, ile miti wanayoegemeza migomba yenye mikungu mizito. Akatundika kibuyu cha maji kwenye panda, akakaa nje kwenye tope akinipa mgongo, na akaanza kuusukuma ule mti ndani, kinyumenyume, bila kuangalia.

"Niambie wapi!"

"Kushoto, tata."

"Kushoto yangu ama yako?"

Kibuyu kilipiga mguu wa meza, kikainama, kikamwaga maji. Akakivuta, akakijaza, akakirudisha. Safari hii kilinifikia, lakini mikono yangu ilitetemeka nikakiangusha sakafuni. Nikaanza kulia. Meza ilikuwa pale pale, na vidonge juu yake, na mimi nikaona waziwazi kwamba ninaweza kufa karibu na dawa yangu.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "usilale. Sema ile masomo unafundisha watoto. Sema kwa sauti. Mimi nakuja."

Nikaanza kusema jedwali la mbili. Nilisikia mlio wa gurudumu. Lilikuwa toroli la shule, lile tulilobebea mawe ya msingi, ambalo lililala bomani kwa tata. Mlio ukateremka mlimani ukapotea katika mvua. Sijui nilisema nini baada ya hapo. Majedwali yote yalichanganyika. Nilichojua ni kwamba nikinyamaza, nitalala.

Kisha nikasikia mtu akigombana huko chini, na sauti inapanda taratibu sana.

"Polepole! Unabeba mama yako, si mawe!"

"Nyamaza, mama, shika kando."

"Nishike kando gani? Toroli haina kando!"

Gurudumu lilisimama. Mlango ukafunikwa na jani kubwa la mgomba, na chini ya jani akatokea magokoro, amelowa, ameketi juu ya toroli kama malkia aliyekasirika. Mwanawe aliinua mikono ya toroli taratibu, akageuza uso kando, na bibi yule akateleza mbele hadi kizingitini. Akakivuka kwa magoti. Kwake yeye ile ilikuwa nyumba ya mjukuu, aliingia anavyotaka.

Mabibi wa kule walituita sisi wasichana kuwa ni wake wenza, kwa utani wa kugombea babu aliyekwisha kufa zamani. Akatambaa hadi usoni pangu.

"Mke mwenzangu! Unataka kwenda kwa mzee mbele yangu? Wewe ni mwizi kabisa!"

Alijivuta mezani, akaleta vidonge na maji, akanishika kidevu kama ndama. Akavua nguo yake iliyolowa, akajilaza nami kwenye mkeka sakafuni, akatufunika kwa blanketi. Mwili wake ulikuwa mwepesi kama kikapu kitupu, na ulikuwa wa moto. Nje, tata hakuondoka.

"Mama! Amemeza?"

"Amemeza. Enda uone ng'ombe yako."

"Mwalimu iko hai?"

"Ningekuwa nalala na maiti? Enda!"

Hakwenda. Nilisikia mvua ikigonga koti lake. Magokoro akaninong'oneza, kwa Ekegusii, lugha ambayo nilikuwa nimeanza tu kuielewa, kwamba mwanawe huyu ni mkaidi tangu tumboni, hataondoka mpaka asikie sauti yangu mimi, si ya mama yake. Kisha akanisimulia habari fulani ya mume wake ambayo siwezi kuiandika hapa. Nikacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, chenye kikohozi ndani.

Nje, koti zito likasogea. Hatua zikaelekea zizini.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika na homa imelegea. Akina mama walikuwa wamevuka, nyumba imejaa, uji unachemka. Nilijikongoja hadi mlangoni na kuangalia chini. Kama unakwenda kuishi kwa watu, rafiki yangu, usiogope kutoelewa. Angalia tu ardhi wanapopita, itakueleza.

Tope lilikuwa limeshika kila kitu. Alama moja ya gurudumu, nyembamba na ndefu, ilipanda kutoka kwa magokoro hadi kizingitini kwangu. Nyuma yake zilikuwa nyayo za tata, vidole vimechimba udongo kama kucha. Pale mteremko ulipozidi nyayo zilikoma, yakabaki mashimo mawili mawili ya mviringo. Nilichukua muda kuyatambua. Yalikuwa ya magoti.

Nilikuwa bado nimeshika mwimo wa mlango aliposimama mahali pake, mbali, uso kwenye mgomba.

"Bwakire, mwalimu."

"Bwakire, tata," nikasema, na mimi pia nikautazama mgomba.