Watu Wangu Wasio na Vichwa

Niliporudi kisiwani kwetu Amu kutoka chuo kikuu Uganda, ofisi ya afya ilinipa kazi ya kuchora bango moja kila siku na kulibandika kwenye ukuta wa soko la samaki. Leo nzi, kesho mbu, keshokutwa panya. Nilichora kama vitabu vya shule: mtu anacheka, mtu anaumwa, wote sura moja. Asubuhi moja nilikuta kila mtu wa bangoni amepigwa mstari wa mkaa shingoni.

Aliyewachinja alikuwa ami yangu, ndugu wa baba, akitoka sala ya alfajiri. Kwetu picha isiyo na shingo haihesabiwi kiumbe. Nami sikuweza kugombana naye, kwa kuwa binti yake alikuwa ametajiwa mimi kuwa mumewe tangu utotoni, na nilimtaka.

"Ami, mtu wangu amekukosea nini?"

"Yeye hana kosa. Wewe siku ya kiyama utaambiwa umtie roho, na hata chumvi kwenye mchuzi hujui kutia."

"Na nzi? Mbona yeye hukumchinja?"

"Nimemtafuta shingo nikaikosa."

Wauza samaki walicheka, na hawakumcheka yeye.

Nikaacha vichwa. Nilichora mkono mweusi unaotokea pembeni mwa karatasi nyekundu, nyayo mbili kwenye tope, bega na ndoo. Siku baada ya siku mikono ile ikawa na tabia: wa mchoyo, wa mgonjwa, wa mwongo. Watu wasiojua kusoma walisimama kutazama. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimechora kitu ambacho hakuna aliyenifundisha.

Basi siku ya bango la kunawa mikono nikachora mkono wenye kidole cha shahada kilichopinda kama ndoana, umezama katika sinia ya wali, makucha machafu. Amu nzima mwenye kidole kile alikuwa mmoja tu: ami.

"Bwana," muuza papa alimwambia ami, "leo wala wali ukutani?"

Ami alilitazama bango kwa utulivu, mkaa mkononi. "Hapa hapana pa kukata," akasema, akaenda zake. Nikajiona nimeshinda.

Kabla ya mwezi kwisha binti yake aliposwa na mwenye duka wa Pate, na ami akamkubalia. Ami mwenyewe aliniita.

"Mkono umeupata, mwanangu. Kitanda cha harusi chataka rangi. Usitie kiumbe."

"Na atakayelala juu yake?"

"Huyo ana kichwa."

Ningekataa, mji mzima ungejua pameniuma wapi. Nikakipaka: nyekundu kwa nyeusi, mistari ikitokea pembeni kama mikono yangu ya sokoni. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Binti alichungulia mlangoni, akakizunguka kitanda kwa macho.

"Rangi itakuwa imekauka Ijumaa? Sitaki inishike nguo."

"Itakauka," nikamwambia.