Sweta la Mama kwenye Ukungu wa Newala

Mwaka jana, wakati wa Kwaresima, marehemu mama yangu aliitwa kwenye ukungu wa Newala.

Na aliitika.

Sikuwa naota, wala sikuwa na homa. Nilikuwa hatua chache nyuma ya yule aliyemwita, nimelowa chapachapa, meno yanagongana, na nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Naomba nieleze kwa utaratibu, maana jambo hili likielezwa ovyo linaharibika.

Jina langu ni Paulina. Nafundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja kati ya Tandahimba na Newala. Mama yangu, Maria, alifariki mwaka juzi, mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua. Alimwacha baba yangu, mzee Stefano, katika nyumba waliyoijenga pamoja tangu ujana wao.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Ardhi pia ni ya upande huo. Mwanamume akioa huja kukaa kwa mkewe, na mke akifariki, nguo zake hurudi kwa ndugu zake. Siku ya arobaini wanakaa, wanazigawa, kila mmoja anapata kipande chake cha kumkumbuka. Ndipo watu huona kwamba msiba umefungwa.

Baba hakuzitoa.

Ndugu walikuja, wakakaa, wakanywa uji, wakasubiri. Baba akawaambia sanduku limepotea ufunguo. Wakaja tena. Ufunguo bado haujaonekana.

Mama mkubwa Sikuzani, dada yake mama, ndiye msemaji wa ukoo. Huyo hana longolongo. Alimpa baba makavu mbele ya watu, kwamba hajawahi kuona mwanamume anayegombania magauni.

Baba alikuwa na jambo lingine lililowatia watu wasiwasi. Alikuwa anamwita mama.

Unaweza kuwa jikoni kwake unaosha vyombo, ukamsikia chumbani, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama Paulina, kibiriti umekiweka wapi?"

Kisha ananyamaza kidogo. Kisha unasikia anatafuta mwenyewe.

Majirani wakaanza kusema mzee ameshaanza kuchanganyikiwa. Mimi nilikuwa nikisikia akiita, nafungulia redio.

Sasa, kila Kwaresima waumini wa kwetu hufanya hija ya miguu. Tunatoka kijijini hadi Newala, tunalala. Tunateremka ukingo wa mlima hadi Lulindi, tunalala. Kisha Masasi, kwenye ibada kubwa. Ni kipindi cha mvua. Watu wa pwani wanaodhani Kusini kote ni joto waje Newala mwezi huo, ukungu umekaa barabarani mpaka mchana na mtu anaongea moshi unamtoka mdomoni.

Mama na baba walikuwa hawakosi. Mama ndiye alikuwa anatangulia, baba nyuma yake. Mama alikuwa akisema, "Huyu ukimwacha mbele atapotea njia, nitafika Masasi nimebaki na mbuzi wa watu."

Kwa hiyo miaka yote hiyo baba alikwenda hija akiuangalia mgongo wa mama.

Mwaka jana alisema atakwenda. Mama mkubwa Sikuzani naye alikuwa anakwenda, na aliposikia, akachimba mkwara ambao kijiji kizima kiliupata kabla ya jua kuzama. Baba kwao ni Lisekese, huko huko Masasi. Mama mkubwa alisema safari hii ni nzuri sana, inampeleka shemeji yake hadi mlangoni kwa ndugu zake. Kama nguo hazijagawanywa mpaka siku ya ibada, basi abaki huko huko. Nyumba ni ya ukoo.

Hakuwa anatania. Alikuwa ameshazungumza na wajomba.

Nilimsihi baba afungue sanduku. Akaniuliza kama nimeshasahihisha madaftari ya watoto.

Basi nikafanya nililoliweza. Nikamfungia mzigo.

Nina utaratibu wangu wa mzigo wa hija, na kila mwaka wenzangu huniomba niwaelekeze. Nguo za kutembelea ni hizo ulizovaa, zilowe, zikaukie mwilini. Nguo za kulalia ni jozi moja, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ya mpira, na hazivaliwi njiani hata mvua inyeshe mawe. Sweta moja zito. Shuka moja. Karatasi ya nailoni ya kujifunika. Miguuni yeboyebo za plastiki, maana raba ikishanyonya maji inakuwa tofali. Soksi za usiku. Sukari na chumvi kidogo. Basi.

Nikamwambia baba kama ninavyowaambia wengine: beba kile tu ambacho huwezi kukaa bila hicho.

Akaitikia kwa kichwa. "Nimekuelewa, Mwalimu."

Siku ya kuondoka mizigo ilipimwa, ndiyo desturi yetu. Katekista Basil huazima ile mizani ya ndoano ya kwenye ghala la korosho, anaifunga kwenye boriti ya baraza ya kanisa, na kila mtu anatundika begi lake. Mwisho ni kilo tano. Kinachozidi kinabaki. Ni kwa sababu mtu akichoka na mzigo, wanaoubeba ni wenzake.

Watu walikuwa wanachekeana. Mama mkubwa Sikuzani alitundika kifurushi chake, kidogo kuliko vyote, akamwambia katekista ahakikishe mizani isiwe ya wale kangomba, walanguzi wa korosho wanaowaibia wakulima. Katekista akamjibu kuwa kwa kifurushi hicho hata kangomba hapati kitu.

Akajisifu kwamba yeye hata sweta hakubeba. Baridi inawaogopa wenye mwili.

Begi la baba likatundikwa. Kilo tano kasoro kidogo. Nililiona limevimba kuliko nilivyolifunga, nikadhani ameipanga shuka vibaya. Nikaridhika.

Mvua ilitukuta kabla ya mchana.

Haikuwa mvua ya kishindo. Ilikuwa ile rasharasha ya ubaridi inayoingia kolani na haitoki. Nikamwambia baba avae sweta. Akasema bado.

Mbele yetu alikuwepo mama mmoja kutoka kijiji jirani, khanga yake imelowa yote. Baba alimsimamisha, akafungua begi, akampa kitenge kikavu.

Kilikuwa cha bluu, chenye maua ya njano. Nilikifahamu. Mama alikuwa anakivaa Jumapili.

Nikadhani amebeba kimoja cha kumbukumbu. Kikaniuma, lakini nikaendelea kutembea.

Mbele kidogo akampa binti mmoja wa kwaya blauzi ya mama. Kisha bibi mmoja akapata lile shali la kijivu. Baba hakuwa anaeleza kitu. Anafungua, anatoa, anasema, "Vaa, utangulie." Mtu anashukuru, anavaa, anapita mbele.

Tulipofika Newala kulala, nililichukua lile begi nikalifungua mwenyewe.

Hakukuwa na sweta nililomfungia, wala shuka. Hakukuwa na nguo za kulalia, soksi, wala nailoni. Kulikuwa na nguo za mama tupu, zimekunjwa vizuri. Chini kabisa, sweta lake la rangi ya damu ya mzee, ambalo alilifuma mwenyewe nilipokuwa chuoni.

Nikamuuliza vitu nilivyomfungia viko wapi.

"Viko kabatini. Nimevipanga kama ulivyovipanga."

"Baba, utakufa na baridi hii."

"Uliniambia nibebe kile nisichoweza kukaa bila hicho." Hakuwa ananikebehi. Alikuwa ananieleza, kama mwanafunzi aliyefuata swali lilivyoulizwa. "Nimefikiri sana, Mwalimu. Vingine vyote naweza."



Nilimvalisha soksi zangu, nikamfunika shuka yangu, na begi lake nikalizungushia nailoni yangu. Kisha nikamwomba lile sweta, nikamwambia hizo nyingine agawe atakavyo, lile anipe mimi. Akasema nisubiri tufike.

Asubuhi baba akagawa nyingine zote likabaki sweta, tukafika ukingoni, pale ardhi ya Newala inapokwisha na njia inaanza kuteremka. Siku ya jua unaona hadi Msumbiji. Siku ile hukuona hata kidole chako. Ukungu ulikuwa mzito kama uji, njia ni tope jekundu, tunateremka mmoja mmoja tumeshikilia vichaka.

Katikati ya mteremko msafara ukasimama.

Mama mkubwa Sikuzani alikuwa amekaa kwenye jiwe. Midomo imekuwa ya kijivu, mikono inamtetemeka hata kushika fimbo hawezi. Anajaribu kusema kitu, maneno hayatoki sawasawa. Huko bodaboda haipiti, na kurudi juu ni mbali kuliko kushuka. Maji yalikuwa yameshapenya hata mifuko yetu ya nguo za kulalia, na sisi tuliobaki tulikuwa hatuna kipande kikavu cha kumpa.

Baba akapita katikati yetu, akapiga magoti kwenye tope mbele yake, akafungua begi.

Akatoa sweta.

Mama mkubwa alilitambua hata katika hali ile. Akaangalia pembeni.

"Shemeji," baba akasema, "hii ni ya kwenu. Vaa, utangulie."

Akamvalisha mwenyewe, mkono mmoja, kisha wa pili, kama unavyomvalisha mtoto wa chekechea. Akafunga vifungo. Katekista akampa sukari kidogo mdomoni. Tukasubiri mpaka rangi ikaanza kumrudia, tukamwinua.

Tukashuka. Mama mkubwa mbele, baba nyuma yake, mimi nyuma ya baba.

Mama mkubwa na mama ni ndugu wa tumbo moja. Wana mwendo mmoja, ule wa kutupa bega la kushoto. Nililiona lile sweta linaingia kwenye ukungu, linatoka, linaingia tena, na bega linakwenda vile vile. Nikaacha kuangalia. Nikaangalia miguu ya baba.

Ndipo alipoita.

"Mama Paulina."

Sauti ile ile ya kibiriti. Nilitamani kuwa na redio.

Hatua mbili, tatu.

"Abee," likatoka jibu kwenye ukungu.



"Polepole. Pana utelezi hapo."

"Nimeona."

"Umechoka?"

"Hapana," sauti ikasema, na safari hii ilikuwa inatetemeka, si kwa baridi. "Wewe njoo tu. Niko hapa mbele."

Baba hakusema tena. Alishuka mlima wote akilia, kimya kimya, bila kujifuta. Na yule aliyekuwa mbele hakugeuka hata mara moja, maana mama naye hakuwa na tabia ya kugeuka.

Lulindi tulifika jioni. Baba alikuwa anawaka homa. Tulimlaza kwenye mkeka ndani ya jengo la parokia, na waliopewa nguo wakaja mmoja mmoja kumpa pole. Yule wa kitenge cha bluu, yule binti wa blauzi, yule bibi wa shali. Chumba kikajaa nguo za mama yangu zinazotembea.

Mama mkubwa Sikuzani alikuwa amesimama mlangoni, anawaangalia. Nilimwona anazitambua moja moja. Nikajua sasa ndiyo yanaanza, kwamba nguo za ukoo zimetolewa kwa watu baki, bila kikao, bila mjomba.

Akavua sweta. Akalikunja kifuani pake, mikono ndani, kola juu. Akaja akaniwekea mapajani.

"Nguo zimegawanywa," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Hili ni fungu la Paulina. Mwenye swali aje kwangu."

Kisha akamgeukia baba. "Na wewe upone haraka. Nyumba haiwezi kukaa bila mtu, mchwa watakula milango."

Hakungoja jibu. Alitoka nje, na nilimsikia huko barazani akilia kilio ambacho hakukilia siku tulipomzika dada yake.

Masasi baba alipelekwa kwa gari. Homa ilishuka baada ya ibada, na siku iliyofuata aliweza kukaa na kunywa chai. Tulipobaki wawili nikamuuliza lililokuwa linanikaba. Nikamuuliza kama kule mlimani alidhani ni mama kweli.

Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, sauti ya Sikuzani nisiijue? Amenitukana nayo miaka yote."

Akageuza kikombe mkononi.

"Nilijua si yeye. Lakini tangu amekwenda naita, naita, haitikii mtu. Siku ile niliita, nikaitikiwa. Basi, imetosha."

Baba yupo. Anakaa nyumbani kwake, mikorosho anaipalilia mwenyewe, na mama mkubwa humpitia Jumapili kumgombeza kwamba hali vizuri.

Ila tangu tulipotoka Masasi hajaita tena. Kibiriti akikitafuta anakitafuta kimya. Siku hizi mimi ndiye ninayeosha vyombo kule jikoni redio ikiwa imezimwa, nimetega sikio, na hakuna kinachosikika.

Kwaresima ya mwaka huu imekaribia na watu wameanza kuniomba niwaelekeze namna ya kufunga mzigo mwepesi. Ninawaelekeza yale yale, nailoni, soksi, yeboyebo. Nimeongeza moja tu, na ninyi mnaosoma nawaachieni hilo. Kabla hujamfungia mtu begi lake, kaa naye kwanza umuulize ni kitu gani hawezi kukiacha nyumbani. Umsikilize mpaka amalize. Ndipo ufunge.