Nilivyosingizia umeme kwenye mtihani wa kazi, lenzi ikaniumbua

Wakuu, habari za kupotezana. Haya nayaandika kwa aibu yangu mwenyewe, siongezi chumvi.

Niko Likasi. Miaka mitatu baada ya chuo sikuwa na kazi, mke ana mimba, tunaishi kwa baba. Siku hiyo nikaitwa kwenye mtihani wa karakana moja ya kutengeneza vifaa vya umeme.

Mkuu wa pale ni mama, tunamwita Maman Ingénieur. Akaniwekea osiloskopu ya zamani, ile mashine yenye kioo inayochora umeme. Nukta yake ilikuwa imetawanyika kama maziwa yaliyomwagika.

"Nataka nukta moya, mbele ya midi." Yaani niikusanye iwe nukta moja kabla ya saa sita mchana.

Huku kwetu kikiharibika chochote, tunasema ni courant, yaani umeme. Friji, redio, hata simu. Bwawa la Mwadingusha, linalotuletea umeme, linatukanwa kila siku. Na mimi nikaandika kwenye karatasi: courant ni ndogo. Nikampelekea.

"Weye pia? Babili ba mbele yako balisema courant. Nilibarudisha ku nyumba."

Kumbe wawili walionitangulia walirudishwa nyumbani kwa jibu hilohilo. Ilikuwa saa tano kasoro. Mke wangu nitamwambia nini?

Nikarudi kukaa, nikafikiri. Ndani ya tyubu inayochora ile nukta hakuna lenzi ya kioo. Lenzi yake ni silinda za chuma zenye volti tofauti, na nguvu ya umeme kati yao ndiyo inayokusanya elektroni zipige sehemu moja. Kinachoamua ni uwiano wa hizo volti. Courant ikishuka, zote zinashuka pamoja, uwiano unabaki uleule.

Nikashusha volti inayoingia kwenye mashine kwa makusudi. Nukta ikafifia, lakini haikutawanyika zaidi. Courant haikuwa na kosa.

Nikazima, nikasubiri chaji iishe, maana volti elfu mbili haina mjomba. Mkono mmoja mfukoni, ili umeme usipite kifuani, nikapima rezista zinazogawa volti ya fokasi, ile inayokusanya nukta. Ukinzani wa moja ulikuwa umepanda karibu mara mbili, ndiyo maana uwiano uliharibika. Nikaibadilisha, nikawasha.

Nukta ikajikusanya, ndogo kama ncha ya sindano. Machozi yalinitoka, sifichi.

Nikamwomba Maman Ingénieur karatasi yangu niichane. Akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Kesho ukuye na bottes yako. Hii inabakia na miye."

Bottes ni buti za kazi. Nikajua nimepata kazi.

Nilichojifunza: ukishuku kitu, kijaribu kwanza kabla hujakilaumu. Mafundi wenzangu, kwenu huwa mnasingizia nini? Semeni ukweli tu.

Mimi siwezi kusahau. Asubuhi yake niliikuta ile karatasi imebandikwa ukutani, juu ya meza yangu mpya.