Jiko Walilotakiwa Kuliacha

Gudrun Ravnkilde, mkunga mstaafu, aliuza nyumba yake ya Holbæk, Denmark, tarehe 12 Aprili 2019. Sasa ni Oktoba. Analala kwenye kochi la binti yake, vyombo vyake vimo kwenye maboksi gerejini, na nyumba anayoisubiri haijachimbiwa hata msingi.

Ni moja ya nyumba ishirini ambazo kampuni ya Aksel Thorup inalijengea kundi lao la familia zilizoamua kuishi pamoja huko Lejre. Kila familia itakuwa na mlango wake, ila jiko kubwa na ukumbi wa kulia ni vya wote. Alhamisi Thorup alimpigia simu Gudrun, kwa kuwa ndiye aliyechaguliwa kuzungumza naye. Gharama zimepanda, alisema. Jiko liondoke, mahali pake zijengwe nyumba mbili za kuuza. La sivyo kiwanja atawapa wengine. Anataka jibu Jumatatu.

Leo Jumapili mchana walikutana kwenye ukumbi wa shule. Kwao hakuna kura. Wanakaa duara, kila mtu anasema lake bila kukatizwa, na mmoja akikataa, kundi zima limekataa. Gudrun aliogopa kwamba atakayekataa na kuwakosesha nyumba ni Viggo, mwalimu wa muziki, ambaye amebishia kila kitu tangu rangi ya milango.

"Nakubali," Viggo alisema. "Mke wangu kachoka kuishi kwa mama yake, na mama yake kanichoka mimi."

Wakacheka kidogo. Aliyefuata akakubali. Mwingine akakubali huku akitazama sakafu. Hakuna aliyelitaja jiko.

Hapo hofu ya Gudrun ikageuka: sasa aliogopa kwamba wote watakubali na jiko litaondoka. Tangu mumewe afariki alikuwa akila peke yake mbele ya televisheni. Siku aliyoanguka bafuni, alilala sakafuni mpaka mleta barua alipomsikia kesho yake. Nyumba ile aliiuza kwa sababu hiyo.

Zamu ikamfikia.

"Haya mama, maliza twende nyumbani," Viggo alidakia.

"Nyumbani wapi, Viggo? Mimi sina." Alishika ukingo wa kiti. "Mlango wa kujifungia nilikuwa nao Holbæk. Nakataa."

"Gudrun, unatumaliza! Wewe ndiye huna pa kulala!"

"Najua. Lakini nakataa."

Mke wa Viggo alivaa koti na kutoka nje.

Kesho asubuhi Gudrun atampigia Thorup simu na kumwambia kwamba kundi limekataa.