Managu Niliyoyang'oa kwa Mama Jirani

Jumanne nilikuwa nafuta ile chavua ya njano inayoganda madirishani kila majira haya, ujumbe ukaingia katika kundi la kanisa letu: mama jirani yangu hapa Greenbelt, Marekani, ametutoka. Watu wakaanza kunipa pole mimi binafsi, maana inajulikana kwamba nilikuwa kama mwanawe. Nilizisoma pole hizo nikaona aibu tupu. Wasomaji wangu mmezoea kunisikia nikiwasema wengine. Leo acheni nijiseme mwenyewe.

Mama huyo alikuwa akitunza wazee, kazi inayowalisha wengi wetu hapa. Alikuwa akienda kulala kwa mzee aliyemtunza kule Herndon wiki mbili mfululizo, akimwogesha na kumpikia, kisha anarudi kupumzika siku chache. Mwaka jana, baridi ilipoisha, aliniomba jambo moja: "Kijana, nimwagilie bustani tu. Usijisumbue na kingine." Mimi na kujipendekeza kwangu! Siku hiyo nilikuwa nimefua mablanketi, nimekata nyasi zangu, na ari ya kazi bado ninayo. Nikaingia kwake na kijembe. Kati ya vitunguu vyake niliona miche imejiotea ovyo, nikaing'oa yote na kuitia kwenye mfuko wa takataka. Ilikuwa managu, mboga ambayo Watanzania huiita mnavu. Mimi niliyelelewa kwa managu, niliyewahi kuandika hapa hapa nikiwacheka watoto wetu kwa kutozijua mboga za kwao, niliyaona ni magugu kwa sababu tu hayakuota kwa mstari. Mama aliyaacha matunda yaanguke, miche ijiotee mwaka unaofuata, kama mama yake alivyofanya. Nilikuja kulitambua jani moja lililobaki mkononi mwangu, nikalinusa, nikajua nimefanya nini.

Alirudi Jumamosi, mkoba ungali begani, akasimama mbele ya tuta.

"Nani amepita hapa?"

"Ni kulungu, Mama. Niliwafukuza, lakini nilichelewa."

"Woi! Hata moja hawakuniachia?" Kisha akanishika mkono. "Asante kwa kuwafukuza, mwanangu."

Alinishukuru! Siku yake ya mwisho ya mapumziko aliimalizia kwa kuzungusha wavu, magoti yanayomuuma yakiwa chini kwenye tope, akizuia kulungu ambao hawakuwahi kuja. Mimi nilimshikia nguzo. Kila nguzo tuliyoisimamisha nilisema moyoni kwamba baada ya hii nitamwambia, na nguzo zikaisha. Tumejifunza katika nchi hii kuwaomba radhi watu tusiowajua. Nikimgusa mtu bega kwenye treni, natoa samahani tatu kwa mpigo. Lakini kwa mtu wetu, anayetusifu mbele ya kanisa, tunaona heri tudanganye kuliko kupungua machoni pake. Nami niliogopa nini hasa? Niliogopa mama mzee anicheke. Ni hilo tu, na angenicheka kweli, halafu angenikaribisha chai.

Juzi tulikusanyika nyumbani kwake kuomboleza. Wageni walipoondoka, mimi na binti yake tukabaki jikoni, yeye akiosha vyombo, mimi nikikausha.

"Uncle, utaangalia garden ya Mum? Alikutrust sana. Aliambia kila mtu vile ulifukuza wale deer."

Niliweka sahani chini, nikamweleza yote. Alinigeukia, maji yakiendelea kumwagika.

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Niliona aibu. Nisamehe."

Akafunga bomba, akajipangusa mikono taratibu, bila hasira.

"Siwezi, uncle. Hiyo sorry ilikuwa ya Mum."

Kwa hiyo, msomaji wangu, kama kuna mtu uliyemdanganya na bado yu hai, achana na mimi na safu yangu. Ondoka sasa hivi, kamwambie.