Damu ya Watu Wengine

Naftaly alikuwa na mashine ya kusaga mahindi pale Rongai, na ugonjwa wa sukari kwa miaka tisa. Alimeza dawa bila kukosa.

Februari 2008, soko likiwa kimya na nusu ya majirani wamehama kwa ghasia za uchaguzi, vidonda vya tumbo vilimtapisha damu. Huko Nakuru aliwekewa chupa tatu za damu ya watu asiowajua. Akapona, akarudi nyumbani.

Mwisho wa Machi alipimwa kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu, kisichodanganywa na mtu anayejinyima chakula siku moja. Muuguzi alifurahi.

"Mzee, asilimia tano nukta nne! Ni kama hujawahi kuugua."

Akapunguziwa dawa.

Kisha kiu ikaanza. Alimaliza jagi zima la maji, mdomo ukabaki mkavu kama pumba. Namba za mizani zikawa na kivuli. Asubuhi moja mkewe, Chepchirchir, alimwita nyuma ya nyumba. Sisimizi walikuwa wametanda weusi pale alipokojoa.

"Baba Micah, hawa wamefuata nini?"

"Sijui," alisema. "Lakini kuna mtu ndani yangu. Nikipimwa, anajibu yeye."

Chepchirchir alimpeleka maabara ya Neha, mpimaji wa damu mjini Nakuru. Neha alimdunga kidole, na kimashine kikasoma ishirini na mbili, sukari ya juu mno. Akaichukua karatasi ya majibu ya Machi, akaisoma.

"Mzee, uliongezwa damu?"

"Chupa tatu."

"Basi kipimo hiki kiliwasoma hao waliokutolea damu. Sukari hushika kwenye chembe za damu pole pole, ndiyo maana huwa tunakiamini. Lakini zako nyingi zilimwagika. Hizi ziliishi kwingine kwanza, kwa watu wasio na ugonjwa wako."

Naftaly aliugeuza mkono wake juu ya meza.

"Wako hai?"

"Hakuna anayejua, mzee."

Siku hiyo hiyo, hospitalini, alianzishiwa sindano za insulini. Kiu ikaisha, ila jicho la kushoto halikurudi sawasawa. Ilibidi ajipime kwa kidole kila asubuhi hadi damu yake mwenyewe ijijenge upya. Mwezi wa Mei Chepchirchir alimkuta mlangoni, tone liko kidoleni, akiliuliza kwa sauti ya chini, "Wewe ni wa nani?"

Agosti walirudia kile kipimo cha miezi mitatu. Asilimia tisa, bado juu. Neha alikunja uso, lakini Naftaly akashusha pumzi.

"Huyu ni mimi," alisema.